Nyuzi za spindo zikifa, usianzie mbele

Juzi usiku nimeshaosha mikono kwa mafuta ya taa na sabuni ya unga, nimekaa nasubiri ugali, simu ikalia. Ujumbe wa kijana mmoja wa Tanga anayesoma ninayoandika hapa:

"Shikamoo kaka. Nimeua nyuzi za spindo ya Hiace ya mteja, mbele kushoto. Nati inaingia mzunguko mmoja inagoma. Mteja anakuja saa nne asubuhi. Nifanyeje kabla hajajua?"

Nikausoma mara tatu. Habari ya nyuzi haikunishtua; nyuzi, ile mifereji ya kuzunguka ambayo nati inaifuata, hufa kila siku. Kilichonikaa kooni ni yale maneno mawili ya mwisho: kabla hajajua. Nikamjibu kwa kifupi: usiikaze, usiipige nyundo, na huyo mteja mpigie simu usiku huu huu. Halafu ugali ukaja na sikuufurahia, kwa sababu maneno hayo mawili mimi niliwahi kuyasema moyoni mwangu, neno kwa neno, mwaka 2011, nikiwa nimepiga magoti mbele ya Hiace kama hiyo, gurudumu hilo hilo la kushoto.

Basi ngoja nieleze. Ni kirefu kidogo, lakini najua wengi tunaokutana hapa ni watu wa aina moja: tunashika spana za watu tukiwaza gereji yetu wenyewe, yenye shimo la zege, kompresa na kibao chenye jina letu barabarani. Anayetaka kufika huko asome mpaka chini.

Nilikuwa spanaboi wa mwaka wa kwanza kwenye gereji ya mzee mmoja hapa Morogoro. Jina lake silitaji, yuko hai, tunakutana dukani kwa spea namwamkia na ananiitikia. Siku hiyo ililetwa Hiace ya abiria, beringi ya mbele kushoto inalia. Mzee alikuwa amekwenda Dar, Gerezani, kutafuta vifaa. Fundi mkubwa akaniambia, "Dogo, fungua hiyo habu (kitovu cha gurudumu), mimi namalizia injini hapa."

Kwa wale wanaoendesha tu bila kufungua: Hiace za zile zama, na Hilux zinazoendeshwa na magurudumu ya nyuma, mbele zina spindo, yaani mhimili mfupi wa chuma uliosimama pale pale hauzunguki. Juu yake inapanda beringi kubwa ndani, beringi ndogo nje, na habu na diski ya breki vinazunguka juu ya hizo beringi. Nje ya beringi ndogo kuna washa (pete bapa) yenye ulimi, kisha nati, kisha kikofia chenye meno cha kuifunga nati, kisha kota pini, kipini cha kukunjwa ncha, inayopita kwenye tundu la spindo. Mwisho kofia ya grisi. Gurudumu lote la mbele, pamoja na watu wote waliokaa upande ule, limeshikwa na nati moja ambayo unaweza kuificha kwenye kiganja.

Nikafungua vizuri mpaka kwenye beringi ndogo. Habu ikagoma kutoka, pete ya ndani ya beringi kubwa ilikuwa imeganda kwenye spindo. Nikafunga pula (chombo cha kung'olea vilivyoganda) ya miguu mitatu, skrubu yake ya katikati ikawa inasukuma ncha ya spindo. Nati sikuirudisha. Hakuna aliyekuwa amenifundisha kwamba nati inarudishwa kwanza, ilingane na ncha, ndiyo ipokee vipigo badala ya nyuzi. Nikakaza pula, nikaipiga kichwani kwa nyundo ya kilo mbili ili kuishtua, mguu mmoja wa pula ukachomoka, na pigo lililofuata likatua ubavuni mwa ncha ya spindo.

Sauti yake ninaikumbuka. Chuma kikipigwa panapostahili kinalia ng'aa. Hiki kilisema "pu", kama embe limeanguka.

Nyuzi tatu za mwanzo zilikuwa zimelala upande mmoja kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe. Nilizipangusa kwa kidole nikafikiri labda ni uchafu. Habu ilikuja kutoka kwa njia nyingine, beringi mpya nikaweka, nikapaka grisi, kila kitu sawa. Ikafika zamu ya nati. Ikaingia nusu mzunguko, ikagoma. Hapo ndipo nilipotazama huku na huku. Fundi mkubwa kichwa chake kiko kwenye injini. Dereva yuko kwa mama ntilie. Nikasema: nifanye kabla hajajua.

Nilichomeka bomba la maji kwenye mpini wa spana nikaning'inia. Nati ikaenda. Ilienda ikilia, ikitema vinyweleo vya chuma vinavyong'aa, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi. Sikujua kuwa imeingia ikiwa imeinama, inajichimbia njia yake kukatiza zile nyuzi nzima za nyuma. Ilipofika mwisho, tundu la kota pini halikulingana na meno ya kikofia. Kurudisha nyuma haiwezekani, kusogeza mbele haiwezekani. Nikachukua waya wa kufungia nondo nikaupitisha kiubavuubavu. Kisha nikajaza grisi kwenye kofia mpaka pomoni ili mtu akifungua asione kitu, nikaigonga ikakaa. Dereva akaja, akazungusha gurudumu kwa mkono, halilii tena. Akanipa elfu mbili ya soda.

Nikaipokea.

Siku ya nne dereva alikuja kwa miguu. Gari liko jirani na Msamvu, gurudumu la mbele kushoto limeinama kwa ndani juu, diski ndiyo inayolishikilia kwenye kalipa ya breki. Beringi ya nje imesagika unga. Kwa bahati alikuwa anaingia stendi, mwendo wa kutembea. Njia ile ile, nusu saa kabla, alikuwa anashuka na abiria kumi na kitu. Huwa sipendi kuufikiria huo mwendo.

Mzee alikuwa amerudi. Alikwenda, akalifungua mwenyewe, akaona waya. Hakuuliza nani. Alilipa spindo nzima pamoja na ule mkono wa chuma unaoishika, habu, beringi, sili na siku tatu za hesabu ya daladala. Jioni, wako madereva, yuko kondakta, yuko mama ntilie na sufuria zake, akanitazama akasema, "Mkono wako wewe ni wa jembe, sio wa spana."

Watu wakacheka. Mama yangu alinisomesha mpaka darasa la saba kwa jembe, heka moja na nusu ya mahindi. Mzee hakujua, au alijua, sijui. Nina umri wa kutosha sasa na nina gereji yangu Kihonda, lakini nikilisikia neno jembe likitamkwa namna fulani bado masikio yanapata moto. Nimekwambia haya ili ujue kuwa siandiki nikiwa nimekaa juu yako.

Kesho yake nilidhani nimefukuzwa. Nikamkuta ameifunga ile spindo iliyokufa kwenye vaisi (jiliwa), chini ya mwembe, na pembeni kuna tupa ya pembe tatu. Akasema, "Rudisha nyuzi." Basi. Hakuna somo.

Siku tatu nilikaa pale. Siku ya kwanza nilianza kule mbele palipoharibika, ndiyo akili ya kila mtu: palipoumia ndipo panapotibiwa. Kila nilipochimba mfereji, nati ilikataa, kwa sababu mfereji wangu haukuwa na mzazi. Nyuzi za bolti ni mfereji mmoja tu mrefu unaozunguka kama njia ya mlima Kitonga. Ukianzia juu palipofukiwa unakisia barabara ilipita wapi. Ukianzia chini penye lami nzima, barabara yenyewe inakupeleka. Hilo niligundua mwenyewe siku ya pili, alasiri, nilipokuwa nimechoka nikaiweka tupa kwenye nyuzi nzima za nyuma kabisa ili nipumzike, nikaisukuma bila kufikiri, ikafuata. Mzee alikuwa anapita kila baada ya saa moja na nati mpya mfukoni, anaijaribu kwa vidole, anaondoka bila neno. Siku ya tatu nati ikaingia kwa vidole mpaka mwisho. Akaitoa, akaitia mfukoni, akasema, "Haya, kafagie."

Hiyo ndiyo sifa niliyopata. Miaka iliyofuata naruka, haina utamu.

Sasa kijana wa Tanga, na wengine wote, kazi yenyewe iko hivi.

Kwanza tazama ni nyuzi zipi zimeumia. Zile mbili tatu za mbele kabisa kazi yake ni kumpokea mgeni tu: zinaielekeza nati iingie wima. Mzigo haziushiki. Nyuzi zinazobeba kazi ni zile ambazo nati inazikalia ikishafika mahali pake. Kama zilizoumia ni za mbele na za nyuma ni nzima, una bahati, hiyo ni kazi ya saa moja. Kama zilizoumia ni zile zinazokaliwa na nati, mpigie mteja mzungumze habari ya spindo nyingine, usipoteze tupa yako.

Pili pima. Usikisie hata kama umefungua Hiace mia. Tafuta sehemu nzima, weka rula, hesabu nafasi 10 kutoka kilele hadi kilele. Zikichukua milimita 15, nyuzi yako ni ya 1.5. Zikichukua 12 na nusu, ni ya 1.25. Rula haifiki? Bandika kipande cha karatasi ya daftari kwenye nyuzi, pitisha kalamu ya risasi juu yake, mistari itajichora, upime mezani kwa raha. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ya nyuzi za inchi. Nyuzi 18 kwa inchi moja zina nafasi ya milimita 1.41, na kwa macho huwezi kuitofautisha na 1.5. Dai, yaani chombo cha kukatia nyuzi, ya aina hiyo itaingia mizunguko miwili mitatu kwa upole, utaona mambo yamenyooka, kisha itaanza kukata katikati ya vilele. Ukishtuka umeshamaliza kuiua.

Na hapa nina kisa. Kuna mwenzangu, fundi mzuri tu wa breki, aliazima dai ya fundi bomba akitaka kurudishia nyuzi za spindo. Kipenyo kilikaribiana, akasema inatosha. Nyuzi za mabomba ya maji ya Kiingereza zina pembe ya digrii 55, ni urithi wa Mwingereza Whitworth aliyependekeza kipimo hicho mwaka 1841. Nyuzi za milimita zina pembe ya digrii 60. Tena dai nyingi za bomba huwa zinabana kadiri zinavyoingia, ili bomba lisivuje. Aliikata spindo ya mtu ikawa nyembamba mbele, nene nyuma, kama karoti. Fundi bomba naye alitaka dai yake ilipwe.

Na hiyo pembe ya 60 ndiyo siri ya tupa ya pembe tatu. Pembe tatu zilizo sawa, kila moja digrii 60. Kona yake inakaa kwenye mfereji wa nyuzi za milimita kana kwamba vilizaliwa siku moja. Chagua ndogo yenye meno laini, kona zake ziwe hazijachakaa. Ukiweza kupata tupa maalumu ya nyuzi, ule mche wa pembe nne wenye vipimo vinane, vinne kila upande, nunua hata kama utalala na chai kavu. Yenyewe inakaa kwenye nyuzi kadhaa kwa mpigo, kwa hiyo zile nzima zinazishika mkono zile zilizoumia.

Kabla hujaanza, funga mahali pa beringi kwa mpira wa ndani wa baiskeli, ukaze na uzi. Vumbi la chuma likiingia kwenye grisi ni msasa. Pia tupa ikiteleza ikakwaruza pale beringi inapokaa, umeanzisha ugonjwa mwingine.

Kisha anzia nyuma. Nimeshasema? Nasema tena. Weka tupa kwenye nyuzi nzima, sukuma kwa kuzungusha ukifuata mfereji, ukija mbele kuelekea ncha. Tupa inakata ikienda, inanyanyuliwa ikirudi. Usiiburuze kama unasugua sufuria. Kazi yako ni kuondoa kile chuma kilicholala juu ya mfereji, sio kuchimba mfereji mpya. Ukiona tupa inatoa unga mwingi kwenye nyuzi ambazo hazikuumia, simama, umepotea njia.

Tazama pia kingo za lile tundu la kota pini na kingo za ule mfereji mrefu ambao ulimi wa washa unakaa. Watu wanahangaika na nyuzi za mbele siku nzima kumbe kinachogomesha nati ni kijinundu kimoja pale kwenye tundu, kilichoachwa na mtu aliyetoa kota pini kwa patasi. Kijinundu hicho kikipitiwa na nati kinaliwa, halafu kinaila nati. Kiguse kwa tupa mara mbili, basi.

Tupa ikimaliza, sasa nati ya zamani. Sio mpya, mpya iache kwenye karatasi yake. Chukua nati ya zamani ambayo nyuzi zake ni nzima, ifunge kwenye vaisi, ikate kwa msumeno wa chuma kwa ndani, mikato mitatu au minne inayokatiza nyuzi, kama mifereji ya tapi, kile chombo cha kukatia nyuzi ndani ya tundu. Safisha ncha zake. Hapo umepata dai ya maskini. Paka oili, iingize kwa vidole, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili vinyweleo vikatike vidondokee kwenye mifereji. Na kama nati haikubali kuanza kwa mbele hata baada ya tupa, ipasue vipande viwili kamili, vikumbatishe spindo kule nyuma kwenye nyuzi nzima, bana kwa vaisgripu (koleo la kujifunga), halafu uitoe kwa nje kana kwamba unaifungua. Inatoka ikitandika barabara. Unaona? Nyuma kuja mbele. Wenzetu wenye hela wana chombo kinachofanya hivyo hivyo, kinafunguka vipande viwili na kina meno magumu. Akili ni moja.

Lakini usiidanganye nafsi yako: nati haina ugumu wa dai. Inasafisha na kunyoosha, haikati chuma kilicholala. Ukiitumia kabla ya tupa, itaharibika yenyewe na utarudi hapa kunitukana.

Osha kwa mafuta ya taa na brashi mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Jaribu nati mpya kwa vidole. Vidole, nimesema. Ikihitaji spana, hujamaliza.

Kisha kaza inavyotakiwa, na hapa vijana wengi wanakosea kwa kuchanganya gari. Spindo ya beringi za koni haikazwi kwa nguvu. Unakaza huku unazungusha habu ili beringi zikae, unalegeza mpaka nati izunguke kwa vidole, halafu unakaza tena kidogo mpaka mchezo uishe na habu bado inazunguka laini. Corolla za miaka ya 2000 zinazoendeshwa na magurudumu ya mbele ni habari nyingine; pale nati iko kwenye ekseli inayozunguka na inataka Nm 216, yaani newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza. Ukiipa spindo ya Hiace nguvu ya Corolla, beringi itaungua kabla hujafika Mikumi.

Kota pini mpya. Sio waya. Sio msumari. Hili ninalijua vizuri kuliko wewe. Na upande wa kushoto ndiyo usithubutu kabisa: gari likienda mbele, gurudumu la kushoto ukilitazama kutoka nje linazunguka kinyume cha saa, ndiko nati ya kawaida inakofungukia. Ile washa yenye ulimi imewekwa ili mzunguko wa beringi usiifikie nati, na kota pini ni mlinzi wa pili. Kwenye zile Volkswagen kobe za zamani waliona heri upande wa kushoto nyuzi zikatwe kinyume kabisa. Kwa hiyo ukifungua kobe kushoto na nati haitoki, kabla ya kuleta bomba, jaribu kugeuza upande.

Kuna spindo ambazo hutakiwi kuzigusa hata mteja akilia. Ikiwa na rangi ya buluu, ilishapikwa. Chuma kilichogeuka buluu kimepita joto la karibu digrii 300 za Selsiasi, na ugumu wake huwezi kuuapia. Ikiwa na mfereji pale beringi inapokaa, beringi mpya itacheza. Na ikiwa na ufa. Ufa unatafutwa hivi: paka mafuta ya taa, subiri, futa kabisa mpaka pakauke, kisha paka unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa yatarudi juu na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Tazama hasa pale shina la spindo linapokutana na mkono wake. Chaki ya mwanafunzi, kipande kimoja. Sijaelewa kwa nini gereji nyingi hazina.

Kuhusu kuchomelea. Kila wiki kuna mtu ananiuliza, kaka, si tujaze kwa weldingi halafu fundi wa kukereza akate nyuzi upya? Hapana. Spindo imefuliwa na kutiwa ugumu kiwandani. Ukiimwagia moto wa weldingi, pale pembeni ya weldi panabaki pakavu kama biskuti. Inakaa wiki, inakaa mwezi, halafu siku moja inakatika bila kuaga. Nyuzi zitapendeza kweli. Nimewahi kuona moja imekerezwa inang'aa kama kikombe cha sherehe, mimi nikamwambia mwenye gari aiweke kabatini, barabarani asiende nayo. Akakasirika. Acha akasirike.

Na sasa nirudi kwenye "kabla hajajua". Vijana wenzangu, tatizo letu kubwa sio tupa. Tunaficha. Tunajaza grisi kwenye kofia. Mteja anakuamini kwa sababu hawezi kuona ndani, nawe unautumia huo upofu wake kama kabati la kuwekea makosa yako. Unataka kibao chenye jina lako barabarani? Jina linaanza siku unapompigia mteja simu ukamwambia, bosi, nimekuharibia kitu, kinatengenezeka, gharama ni yangu. Atafoka. Mwache afoke, simama pale pale. Mimi wateja wangu wanne wa kudumu niliwapata siku nilipowaharibia. Na usimfiche fundi wako mkubwa pia. Mwambie. Akikutukana mbele ya watu, ni juu yake. Mimi nilitukanwa na sikufa, ingawa nakubali nisingependa kurudia.

Kwa wale wanaodhani napiga porojo: wiki mbili zilizopita kaletwa kwangu Hilux ya mfanyabiashara wa mahindi wa Dumila. Kulikotoka, kijana alitumia mashine ya upepo kuanzishia nati ya spindo. Nyuzi mbili na nusu za mbele zimekatwa mshazari. Kulikuwa na mafundi wawili kabla yangu, mmoja alitaka spindo nyingine, mmoja alitaka weldingi. Nikaitazama, nikaipaka chaki, safi. Nikafunga mpira wa baiskeli, nikaanzia nyuma, dakika arobaini. Nati ikaingia kwa vidole mbele ya mwenye gari na vijana wangu watatu, na sitasema uongo, niliizungusha polepole makusudi ili wote waone. Mwenye gari akanipa pesa zaidi ya niliyotaja. Vijana wangu sikuwaambia wakafagie. Niliwaagiza soda.

Kijana wa Tanga alinijibu asubuhi. Alimpigia mteja, mteja akafoka, kisha akamwambia atapita saa kumi badala ya saa nne. Tupa ya pembe tatu aliipata. Saa nane akanitumia picha, spindo imefungwa kipande cha mpira wa ndani, wa pikipiki lakini, si haba. Nati iko katikati. Nilikuza picha nikaona kota pini mpya juu ya kitambaa.

Jana jioni akaja kwangu mtoto wa miaka kama kumi na sita, ovaroli limemzidi, viatu vya kandambili. Akasema ametumwa na mzee. Mzee gani? Akanitajia. Wanaomba tupa ya nyuzi, ile ya vipimo vinane, kuna spindo ya Hiace imeliwa na wao hawana. Nikamuuliza, imeliwa wapi, mbele au nyuma? Akasema mbele. Nikamuuliza, nani kaiua? Akatazama kandambili zake.

Nikampa tupa, nikaifunga kwenye kitambaa chenye oili, nikamwambia aanzie kule nyuma kwenye nyuzi nzima. Akasema, "Mzee ameshaniambia nirudishe nyuzi tu." Nikamwambia sawa, lakini anzia nyuma.

Leo ni saa moja usiku. Tupa haijarudi.